Mshumaa Uliosaidia Kupigana na Malaria

Wasee, hii historia ilistahili kuwa kwa kitabu cha bayolojia cha sekondari. Niliacha chuo, lakini kusoma sijaacha, so tulieni niwaambie.

Ukitaka kujua kama dawa inaua vimelea vya malaria, inabidi uwe navyo hai mbele yako, nje ya mwili wa mgonjwa. Hapo ndipo kulikuwa na shida. Mwaka 1912, kule New Orleans, Charles Bass na Foster Johns walifaulu kuvikuza, lakini vilikufa baada ya muda mfupi. Kwa zaidi ya miaka 60, hakuna aliyeweza kuvifanya vizaane mfululizo.

William Trager wa Rockefeller, New York, alihangaika na hii kitu kwa miongo. Mwaka 1976, akiwa na miaka 66, yeye na James Jensen wakafaulu. Mbinu yenyewe? Chukua seli nyekundu za damu ya binadamu, ongeza seramu na maji yenye virutubisho, weka kwa visahani ndani ya mtungi. Washa mshumaa humo ndani, funika. Mshumaa ukizima, oksijeni imepungua na kaboni dayoksaidi imeongezeka. Kumbe vimelea vya falsiparamu vinapenda hivyo! Mtungi unakaa kwa joto la mwili, maji yanabadilishwa kila siku, na damu mpya inaongezwa kila baada ya siku chache.

Mnaona? Kitu kilichokwamisha watu miaka yote kilifunguliwa na mshumaa. Maabara isiyo na mitambo ya bei ghali nayo ikaweza kufanya hiyo kazi.

Mbona nawaambia haya leo? Kwa sababu Rwanda na Uganda tayari kumepatikana vimelea vinavyostahimili artemisinini, na dawa ya jamii hiyo ndiyo iliyo ndani ya ile AL tunayopewa hospitali. Njia moja ya kugundua ni kuvikuza, kuvimwagia dawa kwa saa 6, kisha kuhesabu vilivyo hai baada ya siku 3.

Kwa hivyo serikali ikipunguza pesa za utafiti, msinyamaze mkisema hayo ni mambo ya maprofesa. Jirani tayari anapigwa, na sisi tunameza dawa ileile. Afadhali tujue mapema, tena kutoka kwa maabara zetu wenyewe.