Kapasita ya kuchuja umeme
Kapasita ya kuchuja umeme hutuliza volti ndani ya saketi ndogo, kama ya redio au chaja. Tunduma, mkoani Songwe, na Nakonde upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia, hutumia umeme wa volti 230, hezi 50. Ukishapita kwenye daiodi nne huwa mawimbi 100 kwa sekunde. Yasipochujwa, spika huvuma. Kapasita kubwa, mathalani ya mikrofaradi 1,000, hujaa wimbi linapopanda na kutoa chaji linaposhuka. Ikizeeka hukauka ndani, na mara nyingi kichwa chake huvimba. Fundi makini huanza kukagua hapo. Kapasita ndogo ya seramiki, ya nanofaradi 100, humeza misukosuko ya ghafla. Sharti iunganishwe karibu kabisa na miguu ya chipu (IC), kwani njia ndefu huidhoofisha.