Wembe, Majivu na Sukari

Kiswahili hakikuridhika na neno moja kwa nywele zote za mwanadamu. Zipo nywele za kichwani, zipo ndevu, yapo malaika ya mikononi, na yapo mengine ambayo adabu huyataja kwa sauti ya chini. Kitendo cha kuziondoa nacho kina majina mawili. Anyoaye hukata unywele usawa wa ngozi; anyonyoaye huung'oa na mzizi wake. Mafundisho ya Kiislamu, yaliyokita pwani yetu kwa karne nyingi, yalishika tofauti hiyo: kinena hunyolewa, kwapa hunyonyolewa, na siku arobaini zisipite.

Kwa wembe, ufundi wote ni maji. Methali yetu, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," hutumiwa kuonya, lakini imetuhifadhia pia siri ya kinyozi, kwamba unywele uliolowa hulainika. Katika hamamu ya Hamamni, Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash (alitawala 1870–1888), palikuwa na vyumba vya mvuke, vya maji ya moto na ya baridi, na mahali maalumu pa kunyolea.

Lakini wanawake wengi hawakuhitaji hamamu. Mambo haya yalikuwa ya ndani, na mwari aliyapokea kwa somo au kungwi wake. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki walitumia majivu makavu: hunyonya jasho na mafuta, vidole visiteleze. Ni kazi ya polepole na yenye uchungu, ila haina gharama hata senti moja.

Njia ya sukari imeshamiri zaidi Misri na nchi za Kiarabu. Wamisri huiita halawa, yaani utamu. Sukari, maji kidogo na maji ya ndimu huchemshwa mpaka rangi iwe ya asali. Ndimu haitiwi kwa harufu: ukali wake huigawanya sukari, isigande chembechembe ikipoa. Kisha huachwa ipoe hadi kuwa vuguvugu, ikandwe mkononi, ipakwe kinyume cha mlalo wa nywele na kuvutwa kuufuata, nywele zikiwa na urefu wa punje ya mchele. Nta ya dukani, ambayo aghalabu huchanganywa na utomvu wa misonobari, hupakwa kwa kufuata mlalo na kuvutwa kinyume. Hushika kwa nguvu zaidi, wala haitoki ila kwa mafuta.

Kwa maoni yangu, kwa mtu wa nyumbani sukari ni bora, mradi asiwe na haraka. Sukari iliyotoka jikoni sasa hivi ina moto kupita maji yanayochemka, nayo hung'ang'ania pale ilipoanguka. Somo aliyajua hayo bila kipimajoto: alidondosha tone kwenye maji baridi akalifinya, kisha akajaribu nyuma ya mkono wake mwenyewe kabla ya kumgusa mwari. Kopo la nta huja na maandishi, mara nyingi ya lugha ngeni, lakini haliji na mkono huo. Msichana ajifunzaye peke yake, mlango umefungwa kwa haya, hana wa kumwambia kwamba ngozi yenye jeraha au upele haiguswi, na kwamba baada ya kung'oa hupakwa mafuta mepesi, si manukato.

Sufuria lenyewe huoshwa kwa maji matupu.