Mpumuo Usioandikwa: Kimvita na Mwanafunzi Anayeanza Kichina

Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika, na vyuo vingine vya Kenya vikafuata. Tangu treni ya SGR ianze safari zake kutoka Miritini mwaka 2017, kijana wa Mombasa ana sababu zaidi ya moja ya kujifunza Kichina: reli, bandari, biashara ya mizigo, ufadhili wa masomo. Hata hivyo, aingiapo darasani huhesabiwa kuwa haji na lolote. Makala haya yanadai kwamba, kwa upande wa matamshi, mzungumzaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, huja na jambo ambalo wanafunzi wengi hulitafuta kwa miezi, na kwamba mwalimu hulipoteza kwa kufundisha kupitia Kiingereza.

Wanaotaka kumtia moyo mwanafunzi wa Pwani humkumbusha twiga wa Malindi aliyefikishwa Uchina mwaka 1415, au vyombo vya kaure vilivyohifadhiwa Ngome ya Yesu. Ni historia ya kweli, ila haimfundishi mtu kutamka. Kinachofaa ni kilicho kinywani mwake.

Tuanze na tatizo lenyewe. Kichina sanifu hakitenganishi vipasuo kwa ughuna, yaani mtetemo wa nyuzi za sauti, bali kwa mpumuo, yaani pumzi itokayo pamoja na sauti. Katika pinyin, mfumo wa herufi za Kilatini ulioidhinishwa mwaka 1958, b ni sauti sighuna isiyo na mpumuo, na p ni sauti hiyo hiyo ikitolewa kwa pumzi. Jozi za namna hii, pamoja na za vipasuo-kwamizo, ni sita: b/p, d/t, g/k, j/q, z/c na zh/ch. Mwanafunzi akiitamka p kama ya “pesa” katika Kiswahili sanifu, Mchina husikia b. Anayetaka kusema wǒ pǎo le, yaani nimekimbia, huwa amesema wǒ bǎo le, nimeshiba. Toni ameipatia sawasawa. Kilichokosekana ni pumzi.

Sasa tumsikilize mwenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa, hasa wa rika la wazee. Paa la nyumba hulitamka bila pumzi. Paa wa mwituni humtamka kwa pumzi, na ukiweka kiganja mbele ya midomo yake utaihisi. Ndivyo anavyotenganisha kaa la moto na kaa wa baharini: la kwanza halina pumzi, wa pili anayo. Chanzo chake kinajulikana. Nomino za ngeli ya 9/10 zilikuwa na king’ong’o mbele ya kipasuo sighuna. King’ong’o kikadondoka, kikaacha mpumuo. Kwa hiyo p ya paa la nyumba inakaribiana sana na b ya pinyin, na p ya mnyama ndiyo p ya pinyin. Tofauti ambayo kitabu cha Kichina huieleza kwa ukurasa mzima, mwanafunzi huyu aliipata kwa bibi yake.

Kwa nini basi haitumiki? Kwanza, haiandikwi. Mkutano wa lugha wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa yenyewe, uliteua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia tuliyorithi haina alama ya mpumuo. Mmisionari William Taylor, aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, aliuonyesha katika maandishi yake, lakini njia yake haikuingia shuleni. Pili, vitabu vingi vya Kichina hueleza sauti kwa mifano ya Kiingereza. Mwingereza hutia pumzi katika p ya mwanzo wa neno pasipo kujua. Kiingereza cha Kenya mara nyingi hakina pumzi hiyo. Mfano unaomfaa msomaji wa London humpotosha wa mtaa wa Kuze, Mombasa.

Kati ya wanafunzi wa Kichina wapo pia waliopitia madrasa. Hao wamezoezwa kuyajua makharija, yaani mahali herufi zinapotamkiwa, na katika tajwidi, elimu ya kusoma Kurani, wamefundishwa sifa ya hams, yaani kuiachia pumzi ipite, ambayo kafu na ta ni miongoni mwa herufi zake. Wana msamiati wa kuzungumzia ulimi, meno na pumzi hata kabla hawajasikia neno fonetiki.

Atakayepinga atasema kwamba darasa la chuo halijai watu wa Mji wa Kale, na kwamba vijana wengi wa mjini wameanza kuupoteza mpumuo. Ni kweli. Lakini mwenye sauti hiyo anaweza kuwa kielelezo kwa wenzake, na mwenzako aliye dawati la pili huigika kwa urahisi kuliko sauti ya kwenye kanda. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Kimvita hakina toni za kubadili maana ya neno, wala hakipunguzi kazi ya kukariri maelfu ya herufi. Hilo pia nalikubali. Hoja yangu inaishia kwenye konsonanti.

Ndani ya mpaka huo, hatua ni nyepesi. Idara inayofundisha Kichina Mombasa iandae somo la kwanza la matamshi kwa Kiswahili, kwa jozi za Kimvita, kabla ya kufungua kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Haihitaji fedha wala mkataba. Inahitaji mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kichina waketi meza moja.