Msafiri asihadaike na uangavu wa maji ugenini

Mji wa Zermatt nchini Uswisi, ulio chini ya mlima Matterhorn, umesifika kwa miaka mingi kwa hewa yake safi na theluji inayowavutia watalii kutoka kila pembe ya dunia. Mwanzoni mwa 1963, mji huo ulikumbwa na mkurupuko wa homa ya matumbo baada ya maji ya mfereji kuchafuliwa na maji taka. Zaidi ya watu 400 waliugua na watatu wakafariki. Miongoni mwa waathiriwa walikuwamo watalii, Waingereza wakiwa baadhi yao, ambao walikuwa wamekwisha kurejea makwao homa ilipowashika.

Aghalabu msafiri hupima usalama wa maji kwa kuangalia utajiri wa nchi anayoizuru, au kwa kuyatazama maji yenyewe gilasini. Vipimo hivyo havitoshi. Viini vya homa ya matumbo, kipindupindu na homa ya ini aina ya A havionekani kwa macho, wala havina harufu au ladha. Mapema katika miaka ya 1970, Wamarekani wengi waliozuru Leningrad, jiji ambalo tangu 1991 linaitwa St Petersburg, walirudi wakiendesha kwa sababu ya kimelea kinachoitwa giadia. Kimelea hicho hicho kiliwaugua maelfu ya wakazi wa Bergen, Norway, mwaka wa 2004. Nyumbani nako, wajumbe wa mkutano wa kisayansi kuhusu afya uliofanyika katika hoteli moja jijini Nairobi mnamo Juni 2017 waliugua kipindupindu. Ikiwa wataalamu wa afya wenyewe hawakunusurika, mtalii wa kawaida ana kila sababu ya kujihadhari.

Hata hivyo, hatari hailingani kila mahali. Jambo la kuulizia ni iwapo maji hutiririka mferejini usiku na mchana. Mabomba yakiwa yamejaa wakati wote, msukumo wa maji huzuia uchafu kupenya. Maji yanapokatwa, mabomba hubaki matupu na uchafu wa ardhini huingia kupitia nyufa, kisha husukumwa hadi majumbani maji yanapofunguliwa tena. Katika miji mingi ya India, nchi ambayo Wakenya wengi huiendea kutafuta matibabu, maji hufunguliwa kwa saa chache tu kwa siku. Yanayobaki huhifadhiwa kwenye matangi, na msafiri hawezi kujua tangi la nyumba ya wageni lilioshwa lini.

Njia ya kale ndiyo ingali bora: kuyachemsha. Maji yakishatokota kwa dakika moja, viini vinavyosababisha maradhi haya huwa vimekufa. Katika maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, yaachwe yatokote kwa dakika tatu, kwani huko hutokota kabla ya kupata joto la kutosha. Birika dogo la umeme ndani ya sanduku huenda likamfaa msafiri kuliko dawa nyingi anazobeba.

Vidonge vya klorini ni vyepesi kubeba na huua bakteria na virusi vingi, mradi maji yasiwe na tope na msafiri asubiri kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, ambao mara nyingi ni dakika 30. Lakini kuna kimelea kiitwacho kriptosporidia ambacho klorini hukishindwa. Mwaka wa 1993 kilipenya hadi katika maji ya mji wa Milwaukee, Marekani, na kuwaugua watu wapatao 400,000. Walioumia zaidi ni wale ambao kinga yao ya mwili ilikuwa hafifu. Kwa hivyo, anayempeleka jamaa yake ng'ambo kutibiwa saratani asitegemee vidonge pekee, amchemshie maji.

Maji ya chupa nayo yakaguliwe. Kifuniko kilichokwisha kulegezwa ni ishara kwamba huenda chupa ilijazwa upya mferejini. Yenye gesi ni vigumu zaidi kughushi, kwa kuwa mapovu huonekana mara inapofunguliwa.

Wengi hunaswa na mambo madogo. Mtu hununua chupa ya maji kwa bei ghali, kisha akaitisha barafu iliyogandishwa kwa maji ya mfereji. Kuganda hakuui viini, wala pombe iliyomo gilasini haivimalizi. Kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu ina hatari ile ile, na kadhalika mswaki unaosuuziwa bombani. Chai inayotoka mvuke ni salama kuliko sharubati baridi, na tunda la kumenywa kwa mkono wako mwenyewe ni afadhali kuliko lililokatwa tayari.

Tumbo likiharibika, kinachoua upesi ni upungufu wa maji mwilini, hasa kwa watoto. Pakiti za chumvi maalumu za kurejesha maji ziwemo mkobani. Zikikosekana, lita moja ya maji salama huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Anayehara damu, au mwenye homa kali, amwone daktari bila kukawia.

Kipindupindu huweza kujitokeza baada ya saa chache, lakini homa ya matumbo na giadia huchukua wiki moja hadi tatu au zaidi, na homa ya ini aina ya A karibu mwezi mzima. Kufikia hapo mtu amekwisha kurudi kazini na kuisahau safari. Nchini Kenya, ambako homa hushukiwa upesi kuwa malaria, msafiri anafaa kumtajia daktari nchi alizozuru na tarehe zake hata asipoulizwa. Homa ya matumbo huthibitishwa vyema kwa kuotesha viini vya damu katika maabara, ilhali giadia hutafutwa katika choo, na kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kuiondoa shaka.