Tabakelo ya Pembe na Shaba

Tazama kwa karibu shingo ya tabakelo hii. Waya ya shaba, nyembamba kama uzi, imezungushwa duru juu ya duru bila kuacha nafasi. Kazi hii iliwapa sifa mafundi wa Kikamba: waliivuta shaba, wakaisuka mikufu laini na kuipachika kwenye pembe, mbao na vibuyu. Shaba ilipanda bara kutoka Mombasa pamoja na shanga na nguo, na pembe za ndovu zikateremka pwani. Tangu karne ya 19 Wakamba ni majirani wa Wadigo hapa Kwale, upande wa Shimba.

Ndani huwekwa ugoro: majani ya tumbaku yaliyokaushwa na kusagwa pamoja na magadi ili uwe mkali. Unyevu huuharibu haraka, na hewa ya pwani hapa Tiwi haikauki. Ndiyo maana kifuniko cha ngozi hubana sana. Mzee aliivaa tabakelo shingoni, akamkaribisha mgeni anuse kabla ya mazungumzo. Tumbaku yenyewe ni mmea wa Amerika, uliovuka bahari kwa biashara iliyoanzishwa na Wareno na Wahispania.