Peleliu: Siku Tatu Zilizozaa Miezi Miwili

Peleliu ni kisiwa kidogo cha matumbawe kusini mwa Palau. Hispania iliiuza Palau kwa Ujerumani mwaka 1899, Japani ikaitwaa 1914, na baadaye ikajenga kiwanja cha ndege Peleliu. Kiwanja hicho ndicho kilichokiponza kisiwa.

Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Jenerali MacArthur wa Marekani alikuwa akijiandaa kurudi Ufilipino, naye hakutaka kuacha ndege za Kijapani ubavuni mwake. Admirali Halsey alishauri shambulio la Peleliu lifutwe; Admirali Nimitz akaamua liendelee. Jenerali Rupertus, mkuu wa Divisheni ya Kwanza ya Marine, kikosi cha wanamaji wa Marekani, aliwaambia watu wake kazi itakuwa ngumu lakini fupi: siku tatu, labda nne. Huku nyuma Kanali Nakagawa na Wajapani wapatao 11,000 walikuwa wamejichimbia mapangoni, wakingoja.

Asubuhi ya Septemba 15, magari ya minyororo yaeleayo yalivuka mwamba kuelekea ufukweni, mengine yakiungua njiani. Katika mojawapo alikuwamo Eugene Sledge wa Alabama, miaka 20, mpigaji wa mota ya milimita 60 katika Kombania K. Kesho yake walikatisha kiwanja cha ndege mbio, makombora yakiwaangukia pande zote, joto likipita nyuzi 40. Maji ya kunywa yaliletwa katika mapipa yaliyowahi kuwekwa mafuta, na baadhi ya waliokunywa walitapika. Ardhi ilikuwa jiwe tupu, haichimbiki handaki wala kaburi.

Shajara zilikatazwa, wasije maadui wakaziokota. Sledge akawa anaandika kwa siri katika Agano Jipya alilolibeba mfukoni. Oktoba 12 aliuawa Kapteni Haldane, kiongozi wao waliyempenda kama mzazi. Kombania iliyoshuka na watu 235 iliondoka na 85 wasio na jeraha. Mapigano yalikoma Novemba 27, zaidi ya mwezi baada ya MacArthur kutua Ufilipino. Wajapani 34 waliendelea kujificha hadi Aprili 1947.

Sledge alirudi kwao, akaacha uwindaji, akafundisha biolojia chuoni. Kumbukumbu alizokusudia ziwe za familia yake zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1981. Makadirio ya Rupertus yanakumbukwa kwa kukosea. Mpigaji mota ndiye anayesomwa na maofisa wa Marine, kwa kuwa kikosi chenyewe kiliwahi kukiweka kitabu chake katika orodha ya vitabu vya kusomwa.