Mpangilio katika picha ya mandhari: Karagwe

Mpangilio wa picha ya mandhari ni namna mchoraji anavyogawa karatasi yake: upeo wa macho ukae wapi, kipi kije mbele, jicho la mtazamaji liingilie upande gani. Karagwe, mkoani Kagera, inafaa kuwa darasa. Katika kata kama Ndama, migomba ya kibanja, yaani shamba la nyumbani, huizingira nyumba, malisho hupanda kilimani, bonde hukata katikati, kisha migongo ya vilima hufuatana kuelekea Mto Kagera.

Mpelelezi na mchoraji James Augustus Grant alifika kwa Omukama (mfalme) Rumanika wa Karagwe pamoja na mpelelezi mwenzake John Hanning Speke Novemba 1861. Speke alipoelekea Buganda Januari 1862, Grant alibaki hadi Aprili, mguu ukimsumbua. Ziwa lililokuwa jirani na makao ya Rumanika lilimkumbusha Windermere, ziwa la Uingereza, na wasafiri hao wakaliita Windermere Ndogo. Mazoea ya Ulaya ya kuchora mandhari ya namna hiyo wakati huo yalijulikana: giza mbele, maji katikati, milima hafifu nyuma.

Picha za Grant za rangi za maji zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Michoro yake ilipochongwa kwenye mbao kwa ajili ya kitabu cha Speke cha 1863, rangi ilipotea. Mchongaji wa namna hiyo hana budi kujenga kina kwa mistari pekee: minene na iliyobanana mbele, myembamba na michache nyuma.

Mchoraji Sam Ntiro (1923–1993), Mchaga wa Kilimanjaro, alishika njia nyingine. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Humo watu ndio wanaobeba mpangilio, wala migomba si pambo la pembeni. Mchoraji mwingine, Edward Saidi Tingatinga, alikwenda mbali zaidi: mnyama mmoja akajaza ubao, mandhari ikabaki rangi tupu.

Anayechambua picha afinye macho mpaka vitu vidogo vipotee. Yakibaki mabaka mawili au matatu yanayoshikana, mifupa ya picha ipo. Kosa la wanaoanza ni kuukata ubao nusu kwa nusu, mbingu na ardhi zikagombea nafasi. Kiangazi humsaidia mchoraji wa Karagwe, kwa kuwa moshi na vumbi hufifisha vilima vya mbali. Baada ya mvua hewa husafika, kila mgongo ukaonekana karibu, na kina hakina budi kutafutwa kwa ukubwa wa migomba.